Samadi ya Kukhu

Mwaka 2024, katikati ya mwezi wa Mei, mahindi ya Kukhu yaligeuka manjano, na mimi ndiye niliyeyageuza. Baba mdogo anasema ni mvua. Ni kweli mvua ya msimu ule ilikuwa ya kuogopesha, mafuriko kila mahali kutoka Budalang'i hadi Mathare, na kila mkulima anajua mvua nyingi huosha chakula cha mimea udongoni. Lakini kulikuwa na mistari mitatu karibu na nyumba ambayo Kukhu alishaipanda na kuitia samadi kabla mimi sijafika na wilibaro. Hiyo mistari mitatu ilinyeshewa vilevile, na ilibaki kijani mpaka karibu nyeusi. Mengine yote, majani ya chini yalianza kufa kutoka ncha, manjano ikipenya katikati ya jani kwa umbo la V. Mtu akitaka kujua njaa ya nitrojeni inafanana vipi, ni hivyo.

Wacha nieleze.

Mayoni ni soko dogo kwenye barabara ya kutoka Mumias kwenda Bungoma. Hii ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na kwa miaka mingi hesabu ya kila kitu hapa, karo, mahari, matanga, ilipigwa kwa miwa. Mwaka 2019 kiwanda kikawekwa mikononi mwa mrasimu kwa sababu ya madeni, na tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta la kupanda badala yake. Utasikia soya, utasikia parachichi, utasikia kuku. Kila mwaka una zao lake la kutuokoa.

Mimi nilirudi 2023 nikiwa nimeacha chuo kikuu mwaka wa tatu. Sababu si ya makala haya na pia haivutii: karo, uvivu kidogo, na ile hali ya kukaa darasani ukijiuliza unafanya nini hapo. Kinachohusika hapa ni jambo moja tu. Nilipoingia chuo Kukhu alikuwa na ng'ombe watatu. Nilipotoka alikuwa na mmoja. Wawili waliingia kwenye akaunti ya chuo, na upande wa pili hakikutoka cheti.

Kazi yangu ni kuandika kwa malipo, mara nyingi vitu vya watu wengine: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, na insha fulani ambazo sitaki kuzizungumzia. Mtandao ukikataa, na hapa hukataa, mtu anahitaji kitu kingine cha kufanya na mikono. Nikaomba robo eka pale chini karibu na kijito, iliyokuwa ya miwa ya marehemu babu, nikaamua nitapanda mishiri.

Mishiri ni yale maharagwe machanga yanayochumwa kabla mbegu haijajaa, yanaliwa na ganda lake. Wengine huyaita fransibini. Kule Mwea hupakiwa kwenye makasha ya kilo tatu na kupanda ndege kwenda Ulaya. Huku kwetu hakuna anayeyahangaikia. Mtu wa Mayoni akitaka mboga ya kijani anataka kunde, saga au mitoo. Mimi nililenga hoteli mbili za Bungoma na mama mboga mmoja wa Mumias ambaye wateja wake ni walimu na watu wa benki. Uzuri wa mishiri ni haraka yake. Siku 45 hadi 50 tangu kupanda unachuma, na unaendelea kuchuma karibu mwezi.

Jamaa wa duka la pembejeo alinipa maelekezo ambayo yeyote angenipa. DAP wakati wa kupanda. CAN mimea ikiwa na majani mawili matatu, kisha CAN tena ikikaribia kutoa maua. Kwa robo eka, kilo 20 za DAP na kilo 20 za CAN zinatosha. Nikamwambia asante, sitatumia mbolea ya duka hata konzi moja.

Nilikuwa na sababu, na nyingine zilikuwa nzuri. Udongo wa huku Magharibi una tindikali, na DAP iliyotiwa miaka nenda miaka rudi bila chokaa imechangia. Ukifika kiwango fulani cha tindikali, aluminiamu iliyomo udongoni huanza kuchoma mizizi, na mtu anaongeza mbolea akishangaa mbona haifanyi kazi. Pili, msimu ule ndio habari za mbolea feki zilitapakaa nchi nzima. Watu walikuwa wamenunua mifuko ya ruzuku na kukuta ndani kitu kama mchanga. Bunge likafika mahali pa kupigia kura hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo, kisha kamati ikasema madai hayakuthibitishwa, na mahindi ya watu yakabaki yalivyokuwa. Tena bei yenyewe. Amonia inayotengeneza mbolea hizi hutokana zaidi na gesi asilia, kwa hiyo Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mfuko wa kilo 50 hapa kwetu ulipita shilingi 6,000. Vita ya watu wasiojua Mayoni iko upande gani wa dunia ilifika mpaka kwenye shimo la mahindi.

Halafu kulikuwa na sababu ya Fritz Haber, na hii ndiyo niliyoipenda zaidi kwa sababu ilinifanya nijione nimesoma. Haber, Mjerumani, alionyesha mwaka 1909 kwamba nitrojeni ya hewani inaweza kulazimishwa kuungana na haidrojeni ikawa amonia. Carl Bosch akalifanya jambo la maabara kuwa la kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Kabla ya hapo binadamu alikuwa amezungukwa na nitrojeni, asilimia 78 ya hewa, na karibu hana njia ya kuishika isipokuwa kwa msaada wa bakteria na radi. Leo makadirio ya wanasayansi ni kwamba karibu nusu ya watu duniani wanashiba kwa sababu ya ugunduzi huo. Na Haber huyohuyo ndiye aliyesimamia gesi ya klorini ilipofunguliwa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, ikawaua wanajeshi wakiwa kwenye mahandaki. Tuzo yake ya Nobel ni ya mwaka 1918. Nikajiambia kitu cha mkono huo hakiingii shambani kwangu. Hoja ya kitoto, najua. Kwa hoja hiyo hata mkate wa dukani usingepita kooni.

Chini ya sababu zote hizo kulikuwa na nyingine ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimerudi nyumbani nikiwa nimefeli, na nilitaka kitu kimoja maishani ambacho ni safi. Nilitaka nikisimama mbele ya ile hoteli niseme: hii haijaguswa na kemikali.

Sasa hesabu. Kilo 20 za DAP na kilo 20 za CAN, ukitoa yale mengine yote, zina nitrojeni chini kidogo ya kilo tisa. Samadi ya ng'ombe iliyotunzwa vizuri, ikiwa kavu, ina nitrojeni kati ya asilimia moja na mbili, na chini ya nusu yake ndiyo hutoka msimu wa kwanza, iliyobaki hungoja. Yaani kupata zile kilo tisa kwa msimu mmoja unahitaji zaidi ya tani ya samadi kavu, na samadi ya mwezi wa Machi haijui maana ya kukauka. Kwa upande mmoja kilo arobaini unazobeba kwa bodaboda mara moja. Kwa upande mwingine, wilibaro thelathini na moja. Nimeandika thelathini na moja kwa sababu ndizo nilizosukuma, kutoka nyuma ya boma la Kukhu hadi kijitoni, siku nne, mpaka viganja vikatoka malengelenge nikayapiga picha.

Kukhu alikuwa ameenda matanga upande wa Butere. Wiki nzima. Ile samadi alikuwa ameikusanya mwaka mzima, ya ng'ombe mmoja na mbuzi watano, akiifunika kwa majani ya ndizi isiunguzwe na jua. Ilikuwa ya mahindi. Kila shimo konzi mbili, ndivyo apandavyo, hajawahi kununua mfuko mwingine zaidi ya ule wa CAN anaogawana na jirani mwaka wenye pesa. Nilijua. Nilijiambia nitamwambia akirudi, na kwamba ng'ombe ataendelea kunya tu, ng'ombe hawaishiwi.

Aliporudi alisimama pale nyuma ya boma, akaangalia sakafu ya udongo iliyofagiliwa vizuri. Akauliza kama nimekula. Kesho yake akapanda mahindi yaliyobaki bila samadi, na mimi nikamsaidia kuchimba mashimo. Hatukuzungumzia.

Mishiri ilifanya vizuri, na hili lazima niliseme. Hata kwenye mvua ile. Udongo wenye samadi hushika maji bila kugeuka ukoko, minyoo ilikuwepo, na siku za kwanza za kuchuma nilituma picha kwa kila mtu niliyesoma naye. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi Nairobi akajibu: "Huu sasa ndio ukombozi." Siku hiyohiyo jioni nikapita kwenye mahindi. Nikaona ile V.

Niliporudi nyumbani Kukhu alikuwa anachambua kunde mlangoni. Nikaanza kueleza mambo ya mvua. Akanisikiliza mpaka mwisho, yeye huwa anasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ulikula mahindi yangu kabla hayajaota, baba."

*

Kozi niliyofaulu vizuri kuliko zote chuoni ni ile ya falsafa ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimishwa kuchukua. Humo nilikutana na John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliyejenga hoja kwamba mtu anaweza kujitwalia kilicho cha wote kwa jasho lake, mradi awaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Mwalimu alitumia mfano wa maji ya mto. Mimi tangu mwezi ule nimekuwa nikijaribu kipimo hicho kwa nitrojeni, na majibu yake yananisumbua.

Samadi inafeli mara moja. Samadi haitengenezi nitrojeni. Ng'ombe ameila kwenye nyasi, nyasi zimeitoa kwenye udongo wa kando ya barabara, wa malisho, wa shamba la mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Ng'ombe ni mbebaji tu, anaiokota mahali pengi na kuiangusha mahali pamoja. Ukiitia kwenye shimo moja umeinyima shimo lingine. Hakuna samadi ya kutosha na nzuri vilevile inayobaki kwa mwenzako; kuna ile uliyochukua na sakafu iliyofagiliwa.

Hewa ndiyo inayopita mtihani. Kiwanda kikichota nitrojeni hewani leo na kesho na miaka elfu, nitakayovuta mimi haipungui. Kwa kipimo cha Locke, mfuko wa duka, ule wa Haber, haujamwibia mtu nitrojeni yake. Wangu mimi, wa asili, usio na kemikali, ndio wa wizi. Nililala na wazo hilo siku kadhaa. Baba mdogo nilipomweleza alicheka sana, akasema mzizi hauombi kitambulisho. Na kisayansi hajakosea: mmea hufyonza naitreti na amoniamu, haijalishi zimetoka tumboni mwa ng'ombe au kwenye tanuri la kiwanda.

Lakini wapi, kiwanda nacho hakijatoka kikiwa safi. Nitrojeni yake haijaibwa, ila ile gesi inayochomwa kuikamata inaacha moshi, na anga tunaloachiana si zuri vilevile. Anayechelewa kupata mvua Turkana hakununua urea. Tena mbolea ya duka ni chakula kitupu, haileti kile kitu cheusi kinachofanya udongo uwe udongo, na ikinyesha kama ilivyonyesha mwaka ule, sehemu yake inaingia mto Nzoia na kwenda kulisha magugu ya Ziwa Victoria. Deni lipo. Ila mwenye kudai yuko mbali, hana sura, na hachambui kunde mlangoni kwako.

Nikadhani nimepata njia ya katikati. Huku kwetu kuna mmea wa ua, una maua ya manjano kama alizeti, machungu, watu huyaita maua malulu. Watafiti waliokuwa Maseno miaka ya 1990 walipima majani yake wakakuta, yakikaushwa, nitrojeni kama asilimia 3.5, kuliko samadi nyingi. Unayakata, unayafukia, au unayaloweka kwenye pipa wiki mbili unapata maji yanayonuka kama mwisho wa dunia. Ya bure, yako kila mahali. Nikachukua panga. Ua la kwanza nililolikata lilikuwa la mama jirani, mjane, na aliniuliza kutoka dirishani kama ua lake limekuwa duka langu. Maua malulu nayo hayaikamati nitrojeni hewani. Yanaichimba palepale yaliposimama.

Kukhu ndiye aliyenikumbusha kwamba maharagwe yenyewe yanajua kazi hii. Aling'oa mshiri mmoja, akanionyesha mizizi. Vile vinundu vidogo vyenye bakteria ndani, ukivipasua vikiwa vyekundu kama nyama vinafanya kazi, vinakamata nitrojeni ya hewani na kumlisha mwenyeji. Hapo kipimo cha Locke kinapita bila moshi wala wizi. Shida ni kwamba katika jamii ya kunde, maharagwe ndiyo mvivu wa familia, na mishiri inachumwa kabla kazi haijakolea. Soya hujitegemea vizuri zaidi. Mitoo ile tunayoila kila siku inajitahidi pia. Unaweza kuwasaidia bakteria kwa dawa ya kupaka mbegu, Biofix, inayotengenezwa Nakuru kwa utaalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na msimu huu nimeipaka. Vinundu nilivyopata ni vingi kuliko mwanzo. Havijatosha kuacha vingine vyote, na nadhani ingekuwa uongo kuandika hapa kwamba vimetosha.

*

Kuna hadithi ya babu ambayo familia yetu huicheka kila Krismasi. Enzi za miwa, mkulima wa mkataba aliletewa mifuko ya mbolea kwa mkopo, ya miwa peke yake, na gharama ikakatwa kwenye malipo ya mavuno miezi kumi na nane au zaidi baadaye. Babu aliiuza usiku, nusu bei, kwa watu wa mahindi. Hakuwa peke yake. Miwa yake ikawa myembamba kama fito, deni likabaki palepale, na maofisa wa shamba walimjua kwa jina. Mimi nilikua nikiichukulia hadithi hiyo kama ya mzee asiyejua kupiga hesabu.

Ile pesa ya usiku ilinunua sare ya baba yangu ya sekondari. Hili nililijua juzi tu, kwa sababu hatimaye nilimuuliza Kukhu. Babu alitoa nitrojeni kwenye miwa akaipeleka kwa mtoto. Alimkosea aliyemwamini na mkopo, sibishi, na pia aliiba kutoka kwa msimu wake mwenyewe wa mbele. Lakini alikuwa anaihamisha kutoka kwenye sukari ya wengine kwenda kwenye chakula cha majirani na karo ya mwanawe. Mimi niliitoa kwenye ugali wa bibi yangu nikaipeleka kwenye sahani za hoteli. Ukitaka kujua ni nani kati yetu aliyekuwa na maadili ya mbolea, mimi ndiye niliyekuwa na neno "asili" kwenye kibandiko.

Mkemia Justus von Liebig, Mjerumani wa karne ya 19, alilalamika juu ya jambo hili kwa ukali. Aliishutumu Uingereza kwamba inapora rutuba ya nchi nyingine, mpaka kufikia kuchimbua mifupa kwenye medani za vita za Ulaya ili kulisha mashamba yake, halafu uchafu wa London ukitiririshwa mtoni bila kurudi kwa aliyelima. Kila chakula kinachoondoka shambani kimebeba udongo ndani yake. Tani moja ya mishiri ina nitrojeni kama kilo tatu. Mimi nilichuma kilo mia sita na kitu, kwa hiyo karibu kilo mbili za nitrojeni ya ng'ombe wa Kukhu zilipanda bodaboda kwenda Bungoma, zikaliwa na wageni wa semina, na ziko kwenye shimo la choo la hoteli mpaka leo. Hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuzirudisha. Hata mimi ninayeandika haya.

Wapo waliofikiria. Sanergy, kampuni ya Nairobi, ilikuwa ikikusanya kinyesi kutoka vyoo vya mitaa ya Mukuru, ikikichakata na kuuza mbolea, Evergrow. Yaani kile ambacho mji umekula kinaanza safari ya kurudi mashambani. Kwa akili yangu hilo ndilo jibu lenye heshima kuliko yote niliyoyaona. Nikamwambia Kukhu kwa shauku. Akauliza, "Choo cha nani?" Nikasema cha watu wa Nairobi. Akafikiri. "Ng'ombe wangu najua amekula nini," akasema, na hapo mjadala ukaisha. Simcheki. Karaha nayo ni aina ya maadili, ya zamani kuliko Locke, na siku moja nitabishana nayo vizuri. Kwa sasa mfuko wake, ukijumlisha na nauli, unanishinda.

*

Watu wanaoandika kuhusu mbolea ya asili, na nimewahi kulipwa kuandika hivyo, hupenda swali la usafi. Je, ni safi? Je, ina kemikali? Ni swali linalomhusu anayekula, mara nyingi aliye mbali. Mwaka 2021 rais wa Sri Lanka alilichukua swali hilo akalifanya sheria, akapiga marufuku mbolea ya viwandani karibu usiku mmoja. Mavuno ya mpunga yakaanguka, majani ya chai yakaumia, na kufikia Novemba marufuku ilikuwa imeondolewa. Usafi ulikuwa wa rais, njaa ilikuwa ya wakulima. Mimi nilikuwa rais wa robo eka. Wananchi wangu walikuwa mmoja.

Na kwa Afrika kuna jambo lingine. Juni 2006 viongozi wetu walikutana Abuja wakaazimia kwamba mkulima wa bara hili atoke kwenye wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta afike 50 kabla ya 2015. Hatukufika. Mei 2024, mwezi uleule wa mahindi manjano, wakakutana tena Nairobi, safari hii afya ya udongo ikiwemo kwenye jina la mkutano. Mkulima wa Uholanzi akiambiwa apunguze nitrojeni ninaelewa, ana ya kumwaga. Kumwambia Kukhu, anayegawana mfuko mmoja na jirani, kwamba kemikali ni dhambi, ni kumhubiria unene mtu anayelala njaa.

Lakini pia siwezi kukaa upande wa jamaa wa duka. Ule mzizi usioomba kitambulisho hauishi peke yake. Kuna udongo utakaolimwa na mtu mwingine baada yangu, na huyo hawezi kunidai chochote kwa sababu hajazaliwa. Ninapotia mbolea ya duka peke yake nachuma mwaka huu, naye atakuta vumbi chungu linalodai chokaa ya Koru kwa magunia. Samadi ndiyo kitu pekee ninachojua ninachoweza kumwachia. Kwa hiyo najikuta kati ya bibi aliye mlangoni na mtoto asiyekuwepo, wote wawili wana haki juu ya rundo moja la mavi ya ng'ombe, na rundo halitoshi. Halitoshi kwa sababu ng'ombe ni mmoja. Wawili waliobaki, unakumbuka walikoenda.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo. Kabla ya kuuliza kama kitu ni safi, naona sasa nilipaswa kuuliza kilitoka kwa nani na yeye alibaki na nini. Ukiuliza hivyo, mbolea ya asili na ya duka zote mbili zinakuwa madeni, na deni la karibu linakuwa na jina.

Pesa ya machumo mawili ya kwanza nilinunulia mfuko wa CAN. Kukhu alikuwa amesajiliwa kwa ruzuku, ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake wiki nyingi nyuma na hakuna aliyemsomea. Shilingi 2,500. Kabla ya kuutia alichukua punje chache akaziweka kwenye kikombe cha maji, akakaa akizitazama, maana habari za mchanga alizisikia redioni. Zikayeyuka, zikaacha unga mweupe chini. Akaridhika. Tulitia pamoja, kifuniko kimoja cha soda kila shina, tukiwa tumechelewa na sote tukijua. Mahindi yalirudisha rangi nusu. Mwezi wa Agosti alipata magunia manne mahali anapopata saba, na Januari nilinunua gorogoro za mahindi sokoni kwa pesa yangu, bila kuambiwa.

Msimu huu mishiri imepandwa kwa nusu na nusu: samadi kidogo kwenye mfereji, CAN kidogo juu, Biofix kwenye mbegu. Kibandiko nimekitoa. Hoteli moja ilikataa kununua, nyingine haikugundua tofauti. Mavi ya mbuzi wa mama jirani nanunua kwa gunia, bei ameweka yeye, na ni bei mbaya. Rundo la nyuma ya boma ni la Kukhu, nalo tumekubaliana kwamba sitaligusa kabla mashimo yake ya mahindi hayajajaa, na nitakachochukua baada ya hapo nitalipia.

Yeye hajui kuandika, kwa hiyo kila wilibaro ninayotoa huchora mstari mmoja wa makaa kwenye ukuta wa boma. Jana nilihesabu, iko kumi na mmoja. Mmoja sikumbuki kuuchukua, lakini sikubishana.